Amri ya convert ya Windows: diski imetoka FAT32 kwenda NTFS, na harusi zote zimo

Bei: bure. Inapopatikana: tayari unayo, kama kompyuta yako ni ya Windows. Nyota: nne kati ya tano. Ile ya tano nimeibana, na sababu nitaitoa.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa kamera, watu wa studio, makatibu wa kwaya, na yeyote mwenye diski ya nje iliyojaa vitu asivyo na pa kuvihamishia. FAT32 na NTFS ni mifumo ya faili, yaani namna diski inavyopanga na kukumbuka mafaili yake. Kazi ya kuitoa diski kwenye mfumo mmoja kwenda mwingine mjini inatozwa hela, na wapo wanaoifanya kwa namna ambayo ungeijua mapema usingewaachia hata kebo.

Mimi ni mpiga video na mhariri wa sherehe hapa Dodoma, nina chumba cha kazi Makole. Kicheni pati, sendofu, harusi, kipaimara, albamu za kwaya, zote napokea. Tangu Serikali ihamie huku, wateja wangu wengi ni watumishi wanaofanya kazi Mtumba na kuishi Kisasa au Nzuguni, lakini harusi yenyewe inafungwa kwao: Kongwa, Kondoa, wengine mpaka Manyoni. Unapiga picha Jumamosi, Jumapili unarudi na vumbi hadi kwenye masikio, Jumatatu mama wa bwana harusi anakupigia kuuliza video iko wapi. Katikati ya hayo yote kuna diski moja ya nje ya TB 1 ambayo ndiyo stoo yangu.

Diski hiyo niliinunua mkononi kwa mwenzetu mmoja aliyekuwa anahama. Yeye alikuwa anaichomeka kwenye runinga ya ukumbi kuonyeshea miziki, kwa hiyo alikuwa ameifomati FAT32 ili runinga ile ya zamani iisome. Mtu anaweza kuuliza aliwezaje, maana ukibofya diski kubwa kwenye Windows na kuchagua kufomati, FAT32 huioni kabisa ikiwa ukubwa umezidi GB 32. Alitumia programu nyingine, basi. Mfumo wenyewe wa FAT32 unaweza kubeba diski kubwa kuliko hiyo yangu. Kikomo kile ni cha kidirisha cha Windows. Dave Plummer, mhandisi wa zamani wa Microsoft aliyeandika kidirisha hicho miaka ya 1990, amesimulia hadharani kwamba kiwango cha GB 32 alikiamua yeye mwenyewe akiwa kazini, bila hesabu nzito, na kikaganda hapo. Miaka inakwenda, sisi bado tunaishi na uamuzi wa asubuhi moja ya mtu.

Sasa tatizo. Kuna harusi ya Kongwa ambayo wahusika walitaka ibada nzima kanisani iwe faili moja, kuanzia maandamano ya kuingia mpaka kutoka, bila kukatwa. Nikaihariri, nikaitoa, ikaja GB 11 na kitu. Kuihamishia kwenye diski, Windows ikanigomea: faili ni kubwa mno kwa mfumo wa faili wa huko linakokwenda. Wakati huo diski inaonyesha nafasi ya zaidi ya GB 300 iko wazi.

Ukiliona hilo kwa mara ya kwanza unadhani diski imekufa. Haijafa. FAT32 ilikuja na toleo la Windows 95 la mwaka 1996, na kwenye orodha yake ya mafaili, sehemu ya kuandikia ukubwa wa faili ina biti 32 tu. Namba kubwa kabisa inayoingia hapo ni baiti 4,294,967,295, yaani GB 4 kasoro baiti moja. Mwaka 1996 nani alikuwa na faili la GB 4? Leo, kamera ikirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, GB 4 zinajaa kwa dakika kumi na moja hivi. Mchungaji anakuwa bado hajamaliza matangazo.

Wapiga video wanalijua jambo hili kwa mlango wa nyuma. Memori kadi za mpaka GB 32 huja na FAT32, ndiyo maana kamera ikiwa na kadi hiyo inakukatia klipu vipande vipande bila kukuomba ruhusa. Kadi za GB 64 na kuendelea huja na exFAT, mfumo mwingine wa faili usio na kikwazo hicho cha GB 4. Wengi tunalalamikia kamera, kumbe kamera inatii kadi.

Kijana ninayefanya naye kazi alishauri njia ya kawaida. "Dada, si tutoe vitu vyote, tufomati, halafu turudishe?" Ushauri mzuri kwa mwenye diski mbili. Mimi GB 600 na zaidi nizimwage wapi? Kwenye laptopu yenye GB 256? Kununua diski nyingine katikati ya msimu, wakati kodi ya chumba inanisubiri, haikuwa kwenye mipango. Na kuikata ibada ya watu vipande vitatu, baada ya kuwaahidi faili moja, ni kujitafutia maneno.

Njia nyingine ni kwenda kwa fundi, na hapo ndipo nilipokuwa na kigugumizi cha haki. Wifi yangu ni katibu wa kwaya kule Mpwapwa. Diski ya kwaya yao ilipata ugonjwa huu huu. Akapanda nayo gari mpaka mjini, akaingia duka moja la kompyuta ambalo silitaji, akaeleza vizuri kabisa kwamba diski inakataa mafaili makubwa na ameambiwa iwe NTFS. Akaambiwa aache hapo, arudi saa kumi. Saa kumi akakabidhiwa diski ya NTFS, safi, inang'aa, tupu. Mazoezi ya miaka, nyimbo walizorekodi na mwalimu wao wa zamani, picha za safari ya uinjilisti, hakuna. Alipouliza, akajibiwa kwa upole: "Mama, si uliomba NTFS? Hiyo hapo NTFS." Na hela akalipa, elfu kumi na tano.

Jioni alikuja kwangu amenuna, hata chai hakuinywa. Bahati ni kwamba fundi alikuwa amefomati ile ya haraka, ambayo hufuta orodha na kuacha data yenyewe chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nikamwambia asiandike chochote humo, tukaendesha programu ya kufufua mafaili, vikarudi vitu vingi ila bila majina. Mpaka leo wifi ana folda lenye nyimbo zinazoitwa kwa namba, na kila wiki anasikiliza mbili tatu na kuzibatiza upya.

Basi, convert. Hii ni amri ndogo iliyomo ndani ya Windows tangu enzi za Windows NT, familia ileile iliyoleta NTFS mwaka 1993. Kazi yake ni moja: kuchukua diski ya FAT au FAT32 na kuifanya NTFS huku vitu vyako vikiwa humo humo. Haina picha, haina kitufe, haina tangazo. Unafungua dirisha jeusi la amri kwa haki za msimamizi, unaandika mstari mmoja.

Kabla ya mstari huo nilifanya mambo mawili. Kwanza, kazi zote ambazo wateja hawajachukua nilizinakili kwenye diski ya rafiki, maana Microsoft wenyewe wanasema uwezekano wa kuharibika ni mdogo lakini upo, na wanashauri uweke nakala pembeni. Sikuweza kunakili vyote, nikachagua vile ambavyo vikipotea nitahama mji. Pili, niliikagua diski kwa amri hii:

chkdsk E: /f

Herufi E ni ya diski yangu. Yako inaweza kuwa D au F, angalia vizuri. Ukaguzi huu usiuruke. Diski inayozunguka kwenye kumbi, inayochomolewa haraka kwa sababu MC anataka kufunga na mwenye ukumbi anazima taa, haiwezi kukosa makovu. Convert ikikuta makosa kwenye diski inakataa kuendelea mpaka uyarekebishe, na hilo nimelipenda. Yangu ilikuwa nayo. Ukaguzi uliokota vipande vya mafaili visivyo na mwenyewe, ukavitupa kwenye folda liitwalo FOUND.000, kila kimoja kikiwa na jina kama FILE0000.CHK. Kwa udadisi nikabadilisha mwisho wa jina la kimoja kuwa .jpg, nikafungua. Ikatokea keki ya harusi, nusu ya juu na wale maharusi wa plastiki, nusu ya chini rangi ya kijivu tupu. Sijui ni ya nani. Nimeiacha.

Halafu mstari wenyewe:

convert E: /fs:ntfs

Kitu cha kwanza inachokuuliza ni jina la diski. Sio herufi, jina, lile unaloliona pembeni ya herufi ukifungua kompyuta. Yangu ilikuwa HARUSI MPYA, herufi kumi na moja na nafasi yake, ambacho ndicho kiwango cha juu kwa jina la diski ya FAT. Ukikosea kuliandika, inakataa na kukurudisha nje. Mwanzoni nililiona ni usumbufu, kisha nikagundua uzuri wake: kwenye meza yangu kuna siku kunakuwa na flashi za wateja, kadi mbili na diski, zote zimechomekwa, na herufi zinabadilishana viti. Kuulizwa jina ni kulazimishwa kutazama unachokigusa. Kama diski haina jina, unabonyeza Enter tu.

Baada ya hapo inakagua tena mafaili na mafolda, asilimia zinapanda, kisha inakupa hesabu: ukubwa wa diski, nafasi iliyo wazi, na nafasi inayohitajika kwa ajili ya kubadilisha. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuiangalia. Kwangu haikufika hata GB 1. NTFS huandika kumbukumbu ya kama kilobaiti moja kwa kila faili, pamoja na vitu vyake vingine, kwa hiyo mwenye video chache kubwa anahitaji nafasi ndogo kuliko mwenye picha laki mbili ndogo ndogo. Lakini diski iliyojaa mpaka pomoni itagoma, kwa hiyo futa takataka kwanza.

Kisha inaandika kwamba inabadilisha mfumo, na wewe unakaa. Hapa watu wanafikiri TB nzima inasomwa na kuandikwa upya, wanajiandaa kulala ofisini. Haiko hivyo. Mfumo wa faili ni kama daftari la mwekahazina wa kamati ya harusi: michango iko kwenye sanduku, daftari linasema nani katoa nini na kimewekwa wapi. Convert haihamishi kilichomo sandukuni. Inafungua daftari jipya kwenye nafasi iliyo wazi, inanakili kila jina na mahali pake, na daftari la zamani linabaki likifanya kazi mpaka jipya limekamilika. Ndiyo maana muda unategemea zaidi wingi wa mafaili kuliko uzito wake. Kazi yote haikufika nusu saa, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa ni ukaguzi.

Ikaandika kwamba imekamilika. Hakuna pongezi, hakuna muziki. Nilikuwa nimebofya mafolda yote kabla na kuandika pembeni idadi ya mafaili, nikalinganisha, ikalingana. Nikafungua harusi za zamani kabisa, zile za kabla sijanunua kamera ninayotumia sasa, zikacheza. Jina la diski lilelile. Tarehe za mafaili zilezile. Kisha nikaburuta ibada ya Kongwa, GB 11, ikaingia kama uji. Mama wa bwana harusi alipewa faili moja kama alivyoahidiwa, akanirudishia simu kuuliza kwa nini kwaya haionekani vizuri dakika ya arobaini. Kwa sababu mjomba wenu alisimama mbele ya kamera, mama.

Neno kuhusu umeme. Fanya kazi hii kwa laptopu yenye chaji kamili, diski ikiwa imechomekwa moja kwa moja, sio kwa kompyuta ya mezani inayotegemea ukuta. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea na diski ndogo inayokula umeme kwenye kebo ya USB inaendelea nayo. Ile namna ya kuacha orodha ya zamani mpaka mwisho inakulinda kiasi, lakini sitaki kuwa mtu wa kujaribu ulinzi huo na harusi za watu. Zima pia ile ya laptopu kujilaza ikikaa bila kuguswa, na usiiweke diski ukingoni mwa meza. Hapa kwetu upepo wa mwezi wa nane unafungua dirisha lenyewe na kupindua kila kitu.

Faida nyingine nimeiona baadaye. NTFS ina jarida lake la ndani: kabla ya kubadilisha mpangilio wa mafaili, inaandika kwanza inachotaka kufanya, kwa hiyo ikikatishwa katikati, ikiwashwa tena inajua pa kurekebisha. FAT32 haina hiyo. Tangu diski ihamie NTFS, folda la FOUND.000 halijapata wageni wapya, na sisi kwenye kumbi hatujabadilika tabia. Hata hivyo bado naitoa diski kwa utaratibu kabla ya kuchomoa kebo. Jarida linalinda mpangilio, haliokoi video iliyokuwa bado inaandikwa.

Sasa ile nyota ya tano.

Convert inakwenda upande mmoja tu. Ukishaingia NTFS hakuna amri ya kukurudisha FAT32. Njia ni kutoa kila kitu na kufomati. Zipo programu za kulipia zinazoahidi kurudisha, mimi sijaona sababu ya kuzinunua. Hilo ningelisamehe. Ambalo silisamehi ni exFAT. Mfumo huu Microsoft waliutoa mwaka 2006 mahsusi kwa vitu vya kubebeka, hauna kile kikwazo cha GB 4, unasomwa na kuandikwa na Windows na Mac, na tangu 2019 walipouweka wazi maelezo yake, hata Linux inaubeba moja kwa moja kwenye kiini chake. Kwa watu wa kazi yangu ndio mfumo unaofaa kwa diski ya kutembea nayo. Convert haiugusi. Haiwezi kukupeleka exFAT, na ukiipa diski ambayo tayari ni exFAT ili ikupeleke NTFS, inakujibu kwamba haipatikani kwa diski za aina hiyo, basi, dirisha linarudi kwenye mstari mtupu. Miaka yote hii na hakuna aliyeiongezea.

Na hili lina uzito kwangu. Nina mhariri ninayeshirikiana naye Dar, yeye ni mtu wa Mac. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Dodoma mwaka 2024, diski zetu zinasafiri na ndugu na jamaa kila wakati. Asubuhi iko Makole, mchana iko kwake. Mac inasoma NTFS bila shida lakini haiandiki humo bila kuongezewa programu nyingine. Kwa hiyo stoo yangu sasa anaweza kuitazama na kunakili kutoka humo, ila hawezi kunirudishia kazi humo humo. Ananirudishia kwenye flashi. Kama kazi yako ni ya kupokezana namna hiyo na mtu wa Mac, kabla hujaandika mstari ule wa convert kaa ufikirie, kwa sababu mlango unafungwa nyuma yako.

Vilevile usiiguse kwa convert flashi ya mteja. Runinga nyingi za kisasa zinasoma NTFS, lakini za zamani hazisomi, redio za magari ndiyo kabisa, na simu nyingi za Android zikipewa flashi ya NTFS zinakuomba uifomati. Unataka baba mkwe abonyeze kitufe hicho? Flashi za wateja naziacha FAT32, na video nazipunguza uzito ziwe chini ya GB 4 au nazigawa mahali penye maana, baada ya viapo, baada ya keki. Anayetaka faili kubwa lisilokatwa anapewa kwenye flashi mpya niliyoifomati exFAT ikiwa tupu, na namwambia mapema kwamba runinga yake inaweza kuikataa.

Malalamiko madogo: maelezo yote ni ya Kiingereza, na dirisha jeusi linawatisha watu. Wifi yangu aliniambia lile dirisha anaona kama kompyuta imeshikwa na kitu. Nikamwandikia ile mistari miwili kwenye karatasi, na diski nyingine ya kwaya aliibadilisha mwenyewe akiwa Mpwapwa, mimi nikiwa kwenye simu namsikiliza akisoma asilimia kwa sauti kama anatangaza matokeo ya uchaguzi.

Kwa ambaye hata hivyo hataki kushika dirisha hilo, mafundi wazuri wapo. Kuna kijana mmoja ana meza ndani ya duka la stationari karibu na Jamatini, elfu tano tu. Nilimpelekea diski ya jirani yangu. Kitu cha kwanza alichouliza: "Dada, humu kuna vitu unavihitaji? Umeviweka na kwingine?" Akaigeuza kioo nione, akaendesha ukaguzi, akaandika convert mbele yangu, akafungua mafolda nikaona yamo, ndipo akachukua hela. Fundi anayetaka uache diski na urudi saa kumi, chukua diski yako uende nayo nyumbani. Kazi yenyewe inaisha ukiwa umekaa kwenye benchi lake, na ukiwa hapo unaona anachokiandika.

Mahali ambapo convert inafaa hasa, kwa maoni yangu, ni hapa: diski kubwa, ya FAT32, imejaa, huna pa kuihamishia, na itakaa maisha yake yote kwenye kompyuta za Windows. Ukipungukiwa na sharti moja kati ya hayo, fomati ya exFAT kwenye diski tupu inakufaa zaidi. Mimi yalitimia yote isipokuwa la mhariri wa Dar, na tumelimaliza kwa flashi.

Stoo yangu imebakiwa na kama GB 290. Diski ya pili nimeshaichangia nusu ya bei; ikifika itafomatiwa exFAT ikiwa bado haijawekwa hata picha moja, ndiyo itakayopanda treni.